Alichokiona Mama

Mama yangu aliwaosha wanawake wengi wa mji huu wa Kisii walipofariki, na sikuwahi kusikia kutoka mdomoni mwake hata neno moja kuhusu mwili wa yeyote kati yao. Najivunia jambo hilo kuliko nyumba niliyojenga, kuliko hata mahafali ya watoto wangu. Mtu akiniuliza mimi ni nani hapa mjini, namwambia mimi ni binti wa yule mama aliyekuwa akiosha maiti. Wengine hurudi nyuma kidogo wakisikia hivyo, wakaficha mkono waliotaka kunipa. Shauri yao.

Sisi Waislamu wa Kisii si wengi. Ukitoka msikitini na kupita mitaa miwili mitatu umeshazimaliza nyumba zetu karibu zote, na baada ya hapo ni makanisa mpaka uingie Nyamira. Mama mwenyewe alizaliwa chini ya kilima cha Nyanchwa, katika nyumba ya Wasabato ambao Ijumaa jua likizama hawakupika tena. Akaolewa na baba, dereva wa lori la ndizi, akasilimu. Ndugu zake walimsusa mpaka nilipozaliwa mimi na pua ya babu yangu mzaa mama, pua yenyewe hii ya kujaa uso. Babu alipoiona alicheka mpaka akaketi chini, na ugomvi ukaishia hapo.

Kazi ya kuosha alifundishwa na bibi mmoja Mnubi aliyekuwa amezeeka na kukosa nguvu za kugeuza mtu. Bibi alimchagua Mama kati ya wanawake wote wa msikitini, na wengine walinuna. Ati mtu wa kusilimu juzi atatuosha sisi? Bibi akawaambia kwamba amemtazama huyu anavyowaogesha watoto wake, na hiyo inamtosha.

Mimi nilianza kumsaidia nilipokuwa mtu mzima tayari, kubeba ndoo na kushika jagi. Mama alipima maji kwa kiwiko, vile tunavyompimia mtoto mchanga. Shuka la kumsitiri marehemu halikuondoka juu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mikono ya Mama ilifanya kazi chini ya shuka. Na alikuwa akizungumza. “Samahani mama, nakugeuza upande huu.” “Vumilia kidogo, ni nywele tu nakufumua.” Mara ya kwanza nilitaka kucheka. Baadaye nilimwuliza faida ya kumwomba samahani mtu asiyesikia.

“Huyu hawezi kusema maji ni ya moto,” aliniambia. “Hawezi kujifunika. Hawezi kukwambia usimtazame. Kila kitu amekuachia wewe. Hapo ndipo utajijua kama una rehema ama una maneno tu.”

Madrasa nilisoma, nisije nikasingiziwa. Ustadhi alitufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ana majina mengi matukufu, lakini yale mawili ya rehema, Rahmani na Rahimu, ndiyo tunayoanza nayo kila jambo: kula, kusafiri, kusoma, hata kufunga mlango. Mimi nilikuwa nayo mdomoni kutwa. Nilikuwa nayasema huku nikimkodolea macho mtu ninayemchukia. Mama alikuwa nayo mikononi, na tofauti hiyo niliiona katika chumba kile cha kuoshea chenye sakafu ya saruji na bomba moja.

Alikuwa na sharti lake moja lisilovunjika: mwosha akitoka mle ndani hana habari. Wanawake wa mtaani walimtega kila mara. Uso wake ulikuwaje? Ulitulia? Ulibadilika? Mama alikuwa akiwaambia, “Tumemwosha, tumemkafini, mwombeeni.” Basi. Hata zuri hakulisema, na hilo lilinikera, kwa sababu zuri tunaruhusiwa kulisema. Nikamwambia hivyo. Akanijibu, “Nikisema leo huyu alitabasamu, kesho nikinyamaza juu ya mwingine watasema hakutabasamu. Afadhali ninyamaze kwa wote.”

Sasa, palikuwa na jirani yetu mmoja. Namwita jirani kwa heshima ya Mama, maana mimi nina majina mengine. Zamani Mama alikuwa na hoteli ndogo karibu na msikiti, anauza pilau na sambusa, na jirani naye alikuwa akipika upande wa pili wa barabara. Pilau ya Mama ilikuwa ikinuka mpaka steji ya matatu. Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, mwezi ambao muuza sambusa halali usingizi kwa kazi, jirani akapita nyumba kwa nyumba na neno lake: mkumbuke huyu ni damu ya Nyanchwa, mnajua nyama yake inachinjwa na nani? Hakuna aliyekuja kuuliza. Mama alikuwa akinunua nyama kwa mchinjaji yule yule anayewauzia wote, tena mbele ya macho yao, lakini neno likishaingia kinywani mwa watu nani atalitoa? Ramadhani yote sambusa zetu tulikula wenyewe na kugawa. Baada ya Idi Mama alifunga hoteli, akaenda soko la Daraja Mbili kuuza mitumba ya watoto, kukaa juani na mvua ya saa nane ikimkuta pale pale chini ya karatasi la nailoni. Nami nikamfuata nikaanza kuuza marinda.

Sikumsalimu yule mwanamke tena. Nikikutana naye njiani nilivuka barabara, hata kama upande wa pili ni matope. Mama alikuwa akimsalimu, “Asalaam aleikum, jirani, watoto hawajambo?” na mimi nasimama kando nasaga meno.

Mwanamke huyo alifariki alfajiri moja, presha ilimwangusha akitawadha. Mke wa imamu akaja kumwita Mama. Nilikuwa nimekaa mlangoni nafunga bunda la nguo la kupeleka sokoni, nikarukia kabla Mama hajatoa sauti.

“Wee! Aoshwe na wale aliokuwa akila nao umbea! Si wako wengi?”

Mama alikuwa ameshafungua sanduku lake la sanda na kafuri, anahesabu pamba. “Lete ile ndoo ya buluu,” akasema, “na uso wako huo uuache hapa.” Nilikwenda nao hivyo hivyo, nilikuwa sina mwingine.

Jirani alikuwa na binti mmoja tu, msichana mpole wa kushona nguo, sijui alimtoa wapi upole huo. Alitaka kuingia kumwosha mama yake, lakini kila akimshika mkono alilia mpaka akauachilia. Mama akamkalisha nje ya mlango, akamfunika kwa shali, akamwambia, “Kaa hapa mwanangu. Mimi nitamshika vizuri.” Kisha akafunga mlango. Tukabaki Mama, mimi na marehemu.

Mama alisimama upande wa kichwa. Kabla hajagusa maji akainama, akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuongea na mtu mezani, “Jirani, ile habari ya nyama nimekusamehe. Nenda salama.”

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. “Mama, hajakuomba msamaha! Hajawahi kukuomba!”

“Sasa hawezi kuomba,” Mama akasema. “Ndiyo maana nampa.”

Akasema bismillahi, akapima maji kwa kiwiko. Tukamwosha. Alimwosha kwa upole ule ule, neno kwa neno, samahani jirani nakugeuza, vumilia kidogo, na mimi nikishika jagi nilitafuta tofauti hata ndogo katika mikono yake, nisiione. Tulichokiona mle ndani tulikiona. Nawe unayesoma usinitolee macho, hutakipata kwangu.

Matanga hayakuwa yamekwisha uvumi ulipoanza. Ulianzia wapi sijui, labda kwa wale wale waliokuwa wakibeba maneno yake alipokuwa hai. Ulifika Daraja Mbili kabla yetu; niliusikia kwa mwuza ndizi aliyekuwa akimpakulia mteja. Ati marehemu alikuwa akionekana kwa mganga huko vijijini, akitafuta dawa ya kuvuta wateja. Ati mwili wake ulikuwa umechanjwa chale za uchawi.

Mtu wa mbali anaweza kucheka. Kwetu huku hilo si la kucheka. Watu wamehamishwa makwao kwa neno la namna hiyo, na kuna waliofanyiwa mabaya zaidi. Isitoshe, watu huku wanaamini uchawi hautoki kwa jirani ukaingia kwa jirani. Unatoka kwa mama, unaingia kwa binti. Msichana akishasemwa mama yake alikuwa na mambo, hapati mume, na akipata hapati mama mkwe wa kumpokea mtoto wake mikononi.

Na yule binti alikuwa amechumbiwa. Mchumba alikuwa kijana wa Gesima aliyesilimu akiwa chuoni hapa mjini, kijana mtulivu mwenye kusikiza. Mama yake, mjane, Msabato, mkulima wa majani chai, alikuwa amemeza kwanza kusilimu kwa mwanawe, kisha akameza mchumba wa Kiislamu. Ndoa ilikuwa imepangwa baada ya Idi. Kila mtu sasa alikuwa akingoja kuona kama na hili atalimeza.

Alikuja Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato yake. Alishuka kwenye bodaboda mlangoni petu na kuku mzima chini ya kwapa. Alikuwa ameelezwa na mwanawe kwamba Waislamu hawali cha kuchinjwa na mtu mwingine, kwa hiyo akaleta kuku akiwa na roho yake, na hilo lilinifanya nimpende kidogo kabla hajafungua kinywa. Mama alifurahi mno. “Bwakire!” “Bwakire buya!” Wakaamkiana hivyo, wakaingia katika Kigusii chao kile cha watu wazima, wakaulizana mvua, chai, magonjwa ya ndizi, nani wa Nyanchwa ameolewa Gesima na nani wa Gesima amezikwa. Kuku akafunguliwa kamba, akaingia chini ya kochi.

Jikoni nyuma ya pazia alikuwepo yule binti. Tangu mama yake afariki Mama alikuwa amemzoesha kuja kula kwetu Jumapili, na siku hiyo alikuwa akichambua na kukatakata chinsaga, majani machungu tunayopenda huku kuliko nyama. Mgeni hakujua. Mama alijua. Mimi nilijua, na nilipoona mgeni amekiweka kikombe chini na kusogea mbele ya kiti, nilikohoa kwa nguvu. Hakuna aliyenijali.

“Dada,” mgeni alisema, “nimeuliza watu. Wameniambia wewe ndiye uliyemwosha yule mama. Na wameniambia wewe na yeye hamkuwa mkipikika chungu kimoja. Alikuharibia biashara.”

“Hayo yamepita,” Mama akasema.

“Ndiyo maana nimekuja kwako na si kwa mwingine. Rafiki yake angenificha. Wewe huna sababu ya kunificha.” Akashusha sauti. “Wewe ni mzazi. Nami nina kijana mmoja tu. Niambie kweli mbele ya Mungu. Alikuwa na chale?”

Jikoni kisu kilinyamaza.

Wallahi, jibu lilikuwa limekaa kwenye ulimi wangu. Lilikuwa neno moja tu. Nilishika mkono wa kochi kwa kucha. Nilimtazama Mama nikifikiri, leo utaponea wapi? Ukikataa kusema, huyu ataondoka na jibu lake, na msichana ameisha.

“Siwezi kukujibu,” Mama alisema. “Sijawahi kumsema yeyote niliyemwosha, na sitaanza leo.”

Mgeni akatikisa kichwa polepole, akaanza kukusanya mkoba wake. Hakuwa na hasira. Alionekana mtu aliyepewa habari ya msiba. “Basi dada, umenijibu. Kama hakuna, ungesema hakuna.”

Pazia likafunguka. Binti alisimama pale na mikono ya kijani ya mboga, machozi yakimchuruzika bila sauti. “Mama,” alimwambia mama yangu, “mwambie tu. Lolote lile. Mwambie yaishe.”

Mgeni akaganda na mkoba mkononi. “Mungu wangu. Kumbe uko hapa?”

Hapo ndipo nilipotaka kupasuka. Ruhusa si hiyo imetolewa, tena na mtoto wa marehemu? Nikasema, “Mama!” Mama akainua kidole bila kunitazama, nikafunga mdomo.

“Mwili si wako wewe mwanangu,” alimwambia binti kwa upole, “ni wa mama yako, na mama yako hakuniambia niseme. Amelala na siri zake kama kila mtu atakavyolala na zake. Wewe mgeni, kaa. Hujanywa chai ikaisha.”

Mgeni akakaa. Mama aliinuka, akafunga mlango wa mbele, akavuta pazia la dirisha. Tulikuwa wanawake wanne na kuku.

“Umekuja kwa sababu unaogopa binti atafuata mama,” Mama alisema. “Si ndiyo?”

“Ndiyo.”

“Mama yake wa kumzaa yuko kwa Mungu, huwezi kumkagua, nami siwezi kumkagua kwa niaba yako. Lakini msichana haolewi bila mama. Siku mtakayokuja na wazee, nani atakaa hapo kuwapokea? Nitakaa mimi. Nani atamfunda? Mimi. Akijifungua, nani atakuja Gesima kumkanda? Ni mimi. Kuanzia leo mama yake ni mimi, na huyu,” akaninyooshea kidole, “ni dada yake, apende asipende.” Nilikuwa sijaulizwa, lakini sawa. “Basi kama unataka kumkagua mama wa mkwe wako, mkague.”

Akavua mtandio. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akifungua mlango kichwa wazi, hata kwa mwuza maziwa. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Akafungua vifungo vya dera, akalishusha mabegani, akasimama mbele ya mwanamke wa Gesima, kifua wazi, mikono pembeni. Nilitaka kukimbia nimfunike.

“Hii ni mafuta ya sambusa,” alisema, akionyesha makovu ya mikononi, “ya ile hoteli unayoisikia. Hapa niling'atwa na mbwa wa mwalimu.” Kisha akagusa kifuani, chini ya mtulinga, mahali ambapo mimi mwanawe wa kumzaa sikuwahi kupaangalia vizuri. Palikuwa na mistari midogo, imepangwa sambamba, imefifia. “Na hizi ni chale.”

Akaziacha wazi zionekane.

“Nyanya yangu alinichanja nikiwa mtoto, nilipougua kifua, akapaka dawa ya majivu. Kule Nyanchwa, kwa Wasabato, mchana, mama yangu akinishika miguu.” Akamtazama mgeni. Hakuwa akimcheka. “Wewe na mimi ni rika moja, dada. Wewe Gesima hukuugua kifua?”

Nikaona mkono wa kuume wa mgeni, mkono uliokauka kwa kuchuma chai, ukipanda peke yake, ukatulia juu ya blauzi yake, mahali pale pale, chini ya mtulinga. Haukutoka.

“Yaya,” alisema taratibu, ile ‘la’ ya Kigusii ya mtu aliyeshangaa. “Yaya, yaya. Nilikuwa nimesahau.”

Kila mwanamke wa umri wao aliyezaliwa milima hii alichanjwa na nyanya yake. Walikuwa wamevaa chale zao chini ya nguo miaka yote, za kifua, za tumbo, za kichwa, na wakakaa makanisani na msikitini na sokoni wakinong'ona juu ya mmoja wao. Sisemi kama yule jirani alikuwa nazo au hakuwa nazo. Angalia, nimekwepa tena. Nasema tu kwamba swali lenyewe lilikufa pale sebuleni, na Mama hakulijibu.

Mgeni aliinuka. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, ya rangi ya manjano yenye maua meusi. Akaifungua, akamzungushia Mama mabegani, akamfunika chale na makovu na kila kitu, akaivuta vizuri mbele na kuishika kwa mikono miwili. “Vaa, dada,” alisema. “Vaa. Nimeona mama wa mkwe wangu. Inatosha.” Kisha akamgeukia binti aliyekuwa bado amesimama kwenye mlango wa jikoni na mikono yake ya mboga. “Na wewe, njoo nikusalimie, ama mpaka niletewe Gesima?” Binti akamwendea. Nani alilia zaidi sijui, mimi nilikuwa nimeinama chini ya kochi namtafuta kuku, kwa sababu mtu lazima awe na shughuli.

Leso ile alikataa kuichukua akiondoka. Kuku Mama alikataa kumchinja. Alisema kuku aliyeshuhudia yote yale ni wa nyumbani, na yule kuku alitutagia mayai mpaka akazeeka. Ndoa ilifanyika baada ya Idi kama ilivyopangwa. Wazee wa Gesima walipofika, Mama alikuwa amekaa pale alipoahidi kukaa, katika kiti cha mama, amevaa dera jipya, ameinua kichwa. Nilipita mbele ya watu wote na sinia la pilau, na kila niliyempakulia nilimwambia, “Yule ni mama yangu.” Walikuwa wanajua. Niliwaambia hivyo hivyo.

Binti alianza kuja chumba cha kuoshea mara kwa mara, kujifunza. Alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu. Mimi hadi leo nikiwa na haraka nasahau kupima maji.

Mama alifariki mwaka jana, msimu wa mvua, baada ya kuugua muda mfupi. Tulimwosha mimi na yule dada yangu wa kupewa. Nilipima maji kwa kiwiko, nikayapima tena, nikayapima tena, mpaka akanishika mkono akaniambia, “Yako sawa, dada.” Nilimwomba Mama samahani kabla ya kumgeuza. Safari hii sikuwaza kama anasikia.

Tulipotoka, ua ulikuwa umejaa wanawake, wa msikitini, wa Daraja Mbili, ndugu wa Nyanchwa na magauni yao ya kanisani. Wote walinigeukia. Mke wa imamu, ambaye alimpenda Mama kwa kweli, akanishika mikono yote miwili. “Hebu tuambie, mwanangu. Uso wake ulikuwaje? Mtu wa rehema namna ile, lazima ulikuwa na nuru. Sema tufurahi.”

Nina mdomo mkubwa, hilo limeshajulikana. Na yule alikuwa mama yangu. Maisha yangu yote nimejisifu kwa mama huyo, na sasa mji mzima ulikuwa umesimama kimya ukingoja nimsifu. Nilifungua kinywa.

Nyuma kule, karibu na mkungu wa ndizi alioushusha kwenye bodaboda kutoka Gesima, mwanamke mmoja aliinua mkono. Alikuwa amezeeka sasa, anatembea kwa shida, lakini sauti yake ilifika hadi mlangoni.

“Msimwulize aliyeosha,” alisema.

Nikafunga kinywa. Kisha nikasema, “Tumemwosha, tumemkafini, mwombeeni,” na sauti ilitoka imara kuliko nilivyotarajia. Wanawake wakainamisha vichwa. Mama wa Gesima alinisogezea nafasi kwenye mkeka, nikakaa kando yake, akafungua mkoba wake akatoa leso ya manjano yenye maua meusi, akanifunika mabega. Sikuwa najua kwamba Mama alikuwa amemrudishia.